Ardhilhali katika Bunge la Uingereza la karne ya 19: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikisimulia habari za wafanyakazi wa Uingereza waliopeleka Bungeni sahihi milioni tatu na zaidi, kuna mtu hunyoosha mkono na kuuliza: nani alizisoma? Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyezisoma. Jibu refu ndilo lililozaa maswali haya. Nimeyapanga kwa kadiri yanavyoulizwa, si kwa umuhimu.

Ardhilhali ni nini hasa?

Ni hati ambayo mtu mmoja, au mji mzima, unaipeleka kwa mwenye mamlaka ukieleza hali yako na kuomba jambo fulani lifanywe. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na maana yake ni hiyo hiyo, kuieleza hali. Wengine husema hati ya maombi, na siku hizi wengi wanasema petisheni. Mimi nashika ardhilhali kwa sababu linabeba mambo mawili yaliyotakiwa na Bunge la London: kwanza ueleze hali, kisha uombe. Aliyeeleza bila kuomba, hati yake ilirudishwa.

Baraza la Makabwela ndilo lipi?

Ndilo baraza la wabunge wa kuchaguliwa. Kando yake kulikuwa na Baraza la Malodi, la wenye vyeo vya kurithi pamoja na maaskofu. Jina lisikupumbaze: Makabwela wa karne ile walikuwa wenye mashamba, mawakili, wenye mabenki, maofisa wa jeshi na watoto wa malodi waliokuwa wakisubiri baba afe. Mbunge hakulipwa mshahara hadi 1911, kwa hiyo kabwela wa kweli angekula nini? Walikuwa 658 tangu 1801, wakafika 670 mwaka 1885, na ukumbi haukuwahi kuwatosha wote kukaa.

Ardhilhali zilipelekwa katika mabaraza yote mawili. Hapa nazungumzia zaidi la Makabwela, kwa sababu huko ndiko zilikomiminika.

Nani aliruhusiwa kupeleka?

Karibu kila mtu. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kabla ya mengine yote. Hata baada ya sheria ya uchaguzi ya 1832, katika England na Wales mwanamume mmoja tu kati ya watano hivi ndiye aliyekuwa na kura. Mwanamke hakuwa na kura kabisa. Lakini kutia sahihi ardhilhali hakukuhitaji kura, wala mali, wala hata kujua kuandika, maana asiyejua aliweka alama ya msalaba na jina lake likaandikwa pembeni. Mfungwa aliweza kupeleka ombi. Mjane aliweza. Wasokotaji nyuzi wa kiwanda kimoja waliweza.

Masharti yalikuwepo. Sheria ya 1661, iliyotungwa Wafalme walipokuwa bado wanaogopa makundi ya watu mlangoni, ilikataza zaidi ya watu kumi kuandamana kuipeleka hati, na kukusanya sahihi zaidi ya 20 bila idhini ya mahakimu wa mahali. Kifungu hicho cha sahihi 20 kilikuwa kimekufa kifo cha kimyakimya kufikia karne ya 19. Cha watu kumi hakikufa, na serikali ilikuwa ikikifufua kila ilipotishika.

Jambo moja halikukwepeka: hati ilipaswa kupelekwa na mbunge. Mwananchi hakuingia ukumbini nayo mkononi.

Iliandikwa vipi?

Kwa utaratibu unaochosha, na kosa dogo liliiua. Chukua karatasi au ngozi iliyolainishwa. Juu kabisa unaandika unamwandikia nani: "Kwa Waheshimiwa Makabwela wa Ufalme wa Muungano wa Uingereza na Ireland waliokusanyika Bungeni." Mstari unaofuata: "Ombi la unyenyekevu la sisi tuliotia sahihi hapa chini, wakazi wa mji fulani, linaeleza." Kisha malalamiko yenu. Kisha ombi lenyewe, waziwazi, mnataka nini. Na mwisho maneno ambayo hayakubadilika karne nzima: "Nasi waombaji wenu, kama tunavyowajibika, tutawaombea daima."

Sasa makosa yaliyoiua. Hati iliyochapwa kwa mashine haikupokelewa. Ilipaswa kuandikwa kwa mkono. Walau sahihi moja ilikuwa lazima iwe kwenye karatasi ile ile yenye ombi, ili mtu asichukue majina yaliyokusanywa kwa jambo jingine akayagandisha kwenye hoja yake. Viambatisho, barua na hesabu za ziada havikutakiwa. Lugha ya kukosa adabu kwa Bunge, kwa Malkia au kwa mahakama ilitosha kuitupa nje. Kuomba fedha za serikali moja kwa moja hakukuruhusiwa bila idhini ya Taji, yaani Mfalme au Malkia kupitia mawaziri wake. Kumtilia mtu mwingine sahihi kulihesabiwa kuwa ni kuvunja haki za Bunge, na Bunge lilikuwa na uwezo wa kukufunga bila kukupeleka mahakamani.

Hati kubwa zilikuwa kazi ya gundi. Karatasi za sahihi zilizunguka kwenye viwanda, makanisa, baa na milango ya maduka, kisha zikarudishwa na kubandikwa moja chini ya nyingine hadi zikawa mkunjo mmoja kama wa mkeka.

Zilifikaje London?

Kwa posta, na bure. Mageuzi ya posta ya 1840 yalipoleta stempu ya peni moja, ardhilhali kwa Bunge ziliachiwa kusafiri bila malipo mradi zisizidi wakia 32, yaani kama gramu 900, na ziwe wazi pembeni ili karani wa posta aone kwamba hakuna barua iliyofichwa ndani. Kubwa zaidi ya hapo zilipelekwa kwa gari la farasi, au zikabebwa.

Siku ya kawaida Bungeni ilikwendaje?

Katikati ya karne, kikao kilianza karibu saa kumi alasiri. Spika aliingia, siwa mbele yake, na sala ikasomwa. (Msomaji wa Dodoma analijua neno siwa. Lamu na Pate siwa ni baragumu la enzi. Bungeni ni rungu la dhahabu la enzi. Nadhani tafsiri hiyo ni miongoni mwa zilizofanikiwa kuliko zote katika Kiswahili cha Bunge.) Wabunge waliwahi sala si kwa ucha Mungu: aliyekuwepo wakati wa sala alikuwa na haki ya kiti hicho usiku mzima. Wengine walitanguliza kofia.

Baada ya sala ilikuja miswada binafsi, yaani ya reli, mabomba ya maji, bandari na mambo kama hayo. Kisha ardhilhali. Kisha maswali kwa mawaziri, taarifa za hoja, na hatimaye shughuli za siku, yaani miswada ya serikali na makadirio ya matumizi, ambazo zilikwenda hadi usiku wa manane na mara nyingi kuupita. Jumatano ilikuwa siku fupi, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, nayo waliachiwa zaidi wabunge wa kawaida.

Akidi ilikuwa wabunge 40. Mmoja akisimama kumwambia Spika kwamba hawatoshi, kengele ililia, shisha, yaani saa ya mchanga, ikapinduliwa mezani, na baada ya dakika mbili Spika akahesabu vichwa. Wakiwa 39, kila mtu nyumbani. Saa ya chakula cha jioni ilikuwa saa ya hatari. Hoja nyingi za watu wasio na nguvu zilikufa hapo, wabunge wakiwa wanakula nyama mita chache kutoka ukumbini.

Kura zilipigwa kwanza kwa sauti, kama tunavyozoea: wanaosema ndiyo, wanaosema siyo, Spika akisema ni upande upi anaodhani umeshinda. Akipingwa, wabunge waligawanyika wakatoka. Tangu 1836 walitoka kwa njia mbili tofauti, na orodha ya majina ikachapishwa, ndiyo mara ya kwanza mpiga kura alipoweza kumkamata mbunge wake kwa maandishi rasmi.

Ni kweli kulikuwa na mfuko nyuma ya kiti cha Spika?

Kweli kabisa, na mfuko huo upo hadi leo. Mbunge aliyekuwa na ardhilhali alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, asimame wakati wa ardhilhali, aseme inatoka kwa nani, ina sahihi ngapi, inalalamikia nini, asome sehemu ya ombi, kisha basi. Ya pili, aandike jina lake juu ya hati, azunguke nyuma ya kiti cha Spika na kuitumbukiza kwenye mfuko uliokuwa ukining'inia pale. Bila neno.

Baada ya hapo hati "ililala mezani," kama wanavyosema, na kupelekwa kwenye Kamati ya Ardhilhali, iliyoundwa 1833. Makarani wa kamati walihesabu sahihi, wakaiweka hati katika kundi lake (kodi ya nafaka, kuiheshimu Jumapili, ulevi, kura, Ireland), na kuchapa ripoti. Zile zilizoonekana za maana zilichapwa neno kwa neno katika nyongeza. Nyingine zilibaki kuwa tarakimu katika safu ya jedwali.

Kwa nini wabunge hawakuzijadili?

Walizijadili, mpaka zilipoanza kuwashinda. Mfano wa 1816 unafaa kuelezwa kwa kirefu.

Vita na Napoleon vilikuwa vimekwisha, na serikali ilitaka kubakiza kodi ya mapato iliyoletwa kwa ajili ya vita hivyo. Henry Brougham na wapinzani wenzake hawakuwa na wingi wa kura. Walichokuwa nacho ni kanuni: kila mbunge aliyewasilisha ardhilhali aliweza kuihutubia, na ardhilhali zilitangulia shughuli za serikali. Basi ikawa kila siku alasiri mbunge anasimama na hati ya wafanyabiashara wa mji fulani, anasema. Mwenzake anasimama na ya mji wa pili, anasema. Wa tatu vivyo hivyo. Wiki baada ya wiki, mamia ya hati. Magazeti yakachapa hotuba, hotuba zikazaa mikutano, mikutano ikazaa hati nyingine. Tarehe 18 Machi kura ilipopigwa, serikali ilishindwa kwa 238 dhidi ya 201. Kodi ya mapato ilikufa, na haikurudi hadi 1842.

Hakuna serikali inayosahau somo kama hilo. Baada ya 1832 hati zilizidi kumiminika. Mwaka 1833 walijaribu kutenga vikao vya mchana, saa sita hadi saa tisa, kwa ajili yake na miswada binafsi, lakini mpango haukudumu. Kufikia 1835 mijadala ilikuwa imeanza kubanwa kwa mazoea, na mwaka 1842 ikabanwa kwa Kanuni za Kudumu: hakuna mjadala wakati wa kuwasilisha, isipokuwa kwa jambo la dharura linalomgusa mwombaji mwenyewe. Wabunge walijitetea kwamba Bunge lisingeweza kufanya kazi nyingine yoyote. Ukiangalia idadi, walikuwa na hoja. Ukiangalia nani alinufaika na muda uliookolewa, utaona ni mawaziri.

Zilikuwa ngapi kwa jumla?

Wanahistoria waliopitia ripoti za kamati wanakadiria karibu ardhilhali milioni moja zilizopelekwa kwa Baraza la Makabwela kati ya mwisho wa karne ya 18 na 1918. Mwaka uliovunja rekodi ni 1843: hati 33,898. Nyingi za mwaka huo zilipinga vifungu vya elimu katika muswada wa viwanda wa waziri James Graham, ambavyo madhehebu yasiyo ya kanisa la dola yaliona vinawapa mapadri wa Kianglikana shule za watoto wao. Graham aliviondoa vifungu hivyo. Kwa hiyo mwaka mmoja tu baada ya mjadala kufungiwa mlango, karatasi zilishinda bila kujadiliwa.

Mkunjo uliokataa kuingia mlangoni: hadithi au ukweli?

Ukweli. Hao ni Wachatisti, wafanyakazi waliodai Hati ya Wananchi ya 1838: kura kwa kila mwanamume wa miaka 21, kura ya siri, majimbo yaliyo sawa, mshahara kwa wabunge, kufutwa kwa sharti la mali kwa mgombea, na uchaguzi kila mwaka. Walipeleka ardhilhali tatu kubwa.

Ya kwanza, 1839, ilikuwa na sahihi 1,280,000. Thomas Attwood, mbunge wa Birmingham, aliiingiza ukumbini ikiwa imeviringishwa kama pipa kubwa, na wabunge wakacheka. Mwezi uliofuata walikataa hata kuifikiria, kura 235 kwa 46.

Ya pili ni ya Mei 1842. Sahihi 3,317,752. Maandamano yaliipitisha mitaa ya London ikibebwa kwa zamu mabegani mwa wafanyakazi. Ilipofika mlango wa Bunge, haikupita. Wakajaribu kwa fremu yake, wapi. Ikabidi fremu ivunjwe, mkunjo ukakatwakatwa, na vipande vikaingizwa mzigo baada ya mzigo na kurundikwa sakafuni hadi rundo likaipita meza ya makatibu kwa kimo. Kesho yake mbunge Thomas Duncombe hakuomba hata Hati ya Wananchi ikubaliwe. Aliomba tu wawakilishi wa waombaji waruhusiwe kusimama kwenye kizuizi cha ukumbi wajieleze. Macaulay, mwanahistoria na mbunge, alijibu kwamba kura kwa wote ingekuwa mwisho wa mali na ustaarabu. Walioafiki 49, waliokataa 287.

Naona kura hiyo ni nzito kuliko ile ya 1839. Hawakukataa dai, walikataa kusikiliza.

Na ile ya 1848 yenye majina ya uongo?

Tarehe 10 Aprili 1848 Wachatisti walikutana kwenye uwanja wa Kennington, kusini mwa mto Thames. Ulaya nzima ilikuwa inawaka mapinduzi, na serikali ilikuwa imeapisha maelfu kwa maelfu ya askari wa kujitolea. Maandamano yalizuiwa kuvuka mto. Ardhilhali ikavuka peke yake, katika teksi tatu za farasi.

Feargus O'Connor, kiongozi wao na mbunge, alisema ina sahihi 5,700,000. Siku tatu baadaye Kamati ya Ardhilhali ilileta taarifa: ni 1,975,496. Na ndani yake kulikuwa na "Victoria Rex," kana kwamba Malkia mwenyewe ametia sahihi, Duke wa Wellington mara kadhaa, Sir Robert Peel, na majina kama Pua Bapa na Hakuna Jibini. Bunge lilicheka, magazeti yakacheka, na vitabu vya shule vinacheka hadi leo.

Mimi nacheka kidogo tu. Kamati ilisema hesabu ilifanywa na makarani 13 kwa saa 17 na ushei. Chukua kalamu: sahihi 1,975,496 kwa makarani 13 kwa saa 17 ni karibu 8,900 kwa kila karani kila saa, yaani sahihi mbili na nusu kila sekunde, bila kupumua, bila chai, huku wakichambua mwandiko na kutenga majina ya wanawake (walisema ni 8,200 katika kila 100,000). O'Connor alisimama akasema haiwezekani. Alikuwa mtu wa kutia chumvi, na milioni 5.7 zake siziamini. Lakini katika hilo la makarani sioni alikosea wapi. Na "Victoria Rex" huenda aliandikwa na mtani, au na mpinzani aliyetaka kuiharibu, au na kibarua aliyejua kwamba hati haisomwi. Au na mfanyakazi aliyeogopa jina lake lisomwe na bosi.

Wanawake walishiriki?

Sana, na mapema kuliko wengi wanavyodhani. Agosti 1832 Henry Hunt aliwasilisha ombi la Mary Smith wa Yorkshire, aliyesema kwamba analipa kodi kama mwanamume na hivyo anastahili kuwa na sauti katika kumchagua mbunge. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

Mei 1833, katika kampeni ya kukomesha utumwa katika makoloni, Thomas Fowell Buxton alileta ardhilhali ya wanawake yenye sahihi 187,157. Ilihitaji wabunge wanne kuiburuta ndani, na aliyeiona aliifananisha na godoro la manyoya. Mwaka huo hati za kupinga utumwa zilizidi 5,000.

Inayojulikana zaidi ni ya 7 Juni 1866, ya kudai kura kwa wanawake wenye mali. Sahihi zilikuwa 1,499 tu, ndogo kabisa ukilinganisha na Wachatisti. Emily Davies na Elizabeth Garrett, watetezi wa haki za wanawake, waliileta wenyewe hadi Westminster Hall, ukumbi wa kale wa Bunge, na mkunjo ule mkubwa ukawatia aibu katikati ya wanaume waliokuwa wakipitapita. Wakamwomba mama muuza matufaha auweke chini ya meza yake. Mbunge wao, John Stuart Mill, alipofika aliwauliza uko wapi. Mama akainama, akautoa. Inasemekana Mill aliupunga hewani kwa furaha. Nikiambiwa nichague tukio moja la Bunge la karne ile nilishuhudie, nitachagua hilo la chini ya meza ya matufaha.

Miswada binafsi ilihusianaje na ardhilhali?

Kila muswada binafsi ulianza kwa ardhilhali. Kampuni ikitaka kujenga reli, ilihitaji sheria yake yenyewe ya kuiruhusu kuchukua ardhi ya watu, na ili kuipata ilipeleka ombi Bungeni, na ramani zake zilipaswa ziwe zimewasilishwa kufikia 30 Novemba. Mwaka 1845, wazimu wa reli ulipofika kileleni, siku hiyo iliangukia Jumapili. Mamia ya kampuni zilikimbizana hadi usiku wa manane kufikisha ramani London, kwa farasi na treni za kukodi. Kinasimuliwa kisa cha waliokataliwa na kampuni pinzani kusafirishiwa ramani, wakazitia ndani ya gari la maiti na kupanda treni kama wafiwa. Mwaka uliofuata zaidi ya sheria 250 za reli zilipita.

Hata talaka ilikuwa kazi ya Bunge. Kabla ya sheria ya 1857, aliyetaka talaka ya kuoa tena alihitaji sheria yenye jina lake, ikianzia kwa ombi kwenye Baraza la Malodi. Zilikuwa zaidi ya 300 kwa karibu karne mbili. Wanawake waliofanikiwa ni wanne.

Ona tofauti: ombi la kampuni ya reli lilisikilizwa kamatini kwa siku nyingi, mawakili wakilipwa vizuri, mashahidi wakihojiwa. La wafanyakazi milioni tatu lilipigiwa kura ndani ya siku moja.

Petisheni za uchaguzi ni kitu hicho hicho?

Ni mtoto wa mama mmoja. Aliyepinga matokeo ya uchaguzi alipeleka ardhilhali Bungeni, na kamati ya wabunge iliamua, mara nyingi kwa kuangalia chama. Mwaka 1868 kazi hiyo ilihamishiwa kwa majaji. Ndiyo maana Nairobi mgombea aliyeshindwa anapeleka "petisheni" mahakamani, si barua wala kesi ya kawaida: jina lilihama pamoja na sheria.

Kuna ardhilhali zilizogusa Afrika Mashariki?

Zipo. Mfano mzuri ni wa 1892. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala kwa niaba ya Uingereza ilitaka kujitoa Uganda kwa kukosa fedha. Makanisa, jumuiya za wafanyabiashara na vyama vya kupinga utumwa yalimwaga maazimio na maombi yakidai Uganda isiachwe, lakini mengi hayakupelekwa Bungeni. Yalikwenda Wizara ya Mambo ya Nje. Kufikia wakati huo wajuzi wa mambo walishajua uamuzi unafanyika ofisi gani. Uganda ikawa himaya ya Uingereza 1894, na 1896 Bunge likaidhinisha pauni milioni 3 za reli kutoka Mombasa. Katika maombi yale ya kutaka Uganda ishikiliwe, waliosema walikuwa Waingereza wa London, Manchester na Glasgow.

Basi zilifanikiwa au hazikufanikiwa?

Inategemea unahesabu nini. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka ule ule wa 1833, ingawa pauni milioni 20 za fidia walipewa waliokuwa wakimiliki watumwa. Sheria zilizoruhusu polisi kuwakamata wanawake na kuwapima magonjwa ya zinaa kwa nguvu zilifutwa 1886 baada ya miaka 16 ya hati zisizokoma. Katika madai sita ya Wachatisti, matano ni sheria leo. La uchaguzi kila mwaka tu ndilo lililoachwa, na sijasikia anayelililia.

Lakini nikiulizwa hati moja ilifanya nini siku ilipotumbukizwa mfukoni, mara nyingi nasema: Bungeni, hakuna. Kazi yake ilikuwa imeshafanyika njiani, pale mtu alipogonga mlango wa jirani na karatasi mkononi, wakazungumza, na jirani akaamua kuandika jina lake au kutoliandika. Anwani za milango hiyo ndizo zilizokuja kuwa vyama.

Hati zenyewe ziko wapi leo? Naweza kuziona?

Nyingi hazipo. Tarehe 16 Oktoba 1834 jengo la Bunge liliungua, kwa sababu ya vijiti vya kale vya kuhesabia kodi vilivyokuwa vikichomwa kwenye tanuri chini ya ukumbi wa Malodi. Kumbukumbu za Malodi zilinusurika, kwa kuwa zilikuwa katika mnara wa mawe ng'ambo ya barabara. Za Makabwela karibu zote ziliteketea. Za baadaye hazikuhitaji moto: hati ikishahesabiwa na kuripotiwa, haikuonekana sababu ya kuitunza. Ardhilhali tatu za Wachatisti, pamoja na ile iliyovunjiwa fremu mlangoni, hazipo hata moja.

Ya 1866 nayo, mkunjo wenyewe umepotea. Ila waandaaji walichapa majina yote 1,499 katika kijitabu na kukituma kwa magazeti na wabunge. Nakala zake zipo. Majina yamepangwa kwa alfabeti, na karibu kila jina lina anwani ya mwenye nalo.